Chomboni, Majini au kwa Miguu

Machi 3, Jumatatu

Nimeanza. Barua ya ufadhili inasema "mafunzo ya miezi mitatu katika sera za bahari kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili." Miezi yote ya kusubiri nilikuwa nikiyasoma maneno hayo nikijiona melini, nimevaa jaketi la kuokolea, napima joto la maji. Wenzangu wawili kweli wamepelekwa melini. Mchumi, kijana tuliyefanya naye usaili siku moja, amepelekwa Takwimu, ghorofa ya pili. Mimi nimepelekwa ghorofa ya nne, Kitengo cha Kanuni: meza tatu, kabati lisilofungika, na ndoo mbili chini ya dari inayovuja.

Wenye chumba ni wawili. Kuna mwandishi wa kanuni, ambaye jengo zima linamwita Mzee Kifungu, na katibu muhtasi wake, Mama Mihuri, ambaye hakuna karatasi inayotoka kwenye ghorofa hii bila kupita mkononi mwake. Mzee anastaafu mwisho wa Juni. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza nimesomea nini.

"Pweza, mzee."

Akatafakari kidogo. "Pweza hawajawahi kuleta malalamiko hapa," akasema, akanionyesha kiti.

Machi 4

Mvua. Ndoo ya kushoto hujaa upesi kuliko ya kulia. Huo ndio utafiti wangu wa leo.

Machi 6, Alhamisi

Nimepewa kazi. Kazi yenyewe ni kusoma kwa sauti.

Rasimu iliyo mezani ni ya Kanuni za Hifadhi ya Miamba, kurasa sitini na nne. Kila ukanda wa ufukwe utakuwa na kamati yake. Wavuvi watachagua wajumbe, na wajumbe watapiga kura kuamua sehemu gani ya mwamba ifungwe miezi mitatu kila mwaka ili pweza wazaliane. Ni jambo zuri. Nimeandika nusu ya tasnifu yangu kuliombea. Lakini sikutegemea kulisoma kama mtoto wa darasa la tatu, mzee kafumba macho, mikono juu ya tumbo, huku kila baada ya sentensi mbili akisema, "Rudia," au, "Hapo umemeza mkato."

Baada ya saa mbili nikajikaza. "Mzee, si ungeisoma mwenyewe ingekuwa haraka zaidi?"

Vidole vya Mama Mihuri vikasimama juu ya kibodi.

"Kanuni haisomwi, binti, inasikilizwa," mzee akasema bila kufumbua macho. "Yule wa ufukweni atasomewa na mtu, mkutanoni, amesimama juani na ana haraka zake. Asipoielewa akiisikia mara moja, basi mimi nimeandika upuuzi. Rudia kifungu cha tatu."

Nikarudia kifungu cha tatu.

Machi 14, Ijumaa

Kooni kama nimemeza mchanga. Mchumi ananiita Redio. Kila tukikutana kwenye ngazi anazungusha kidole hewani kama anayetafuta stesheni.

Machi 19

Mama Mihuri ana ufundi wake. Majalada ya haraka huyafunga mpira mmoja, ya kawaida mipira miwili, na yale ya "acha yalale" matatu. Nikamwambia angeweza tu kuandika juu yake. Akaniangalia kama nimemwomba nywele zake.

Machi 24, Jumatatu

Leo nimempigia Mamdogo. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, nikiwa na miaka sita. Kazi yake ni mwamba. Maji yakitoka anaingia na fimbo ya chuma na kikapu, anatembea juu ya mawe, anachokoa pweza kwenye matundu yao, na maji yakirudi anarudi nayo. Ameniwekea ada ya shule mkono mmoja mmoja, maana pweza mmoja ana mikono minane. Huo ni utani wake, ameurudia miaka ishirini na bado anaucheka yeye mwenyewe. Vipimo vyote vya tasnifu yangu vimetoka kwenye kikapu chake.

"Huko serikalini wanakulisha?"

"Wananisomesha, Mamdogo. Kwa sauti."

"Vizuri. Ulikuwa na sauti nzuri tangu mdogo, ila ulikuwa unakimbiza maneno."

Hata yeye!

Aprili 2, Jumatano

Nimesoma ukurasa wa nne labda mara kumi na moja tangu nije. Leo ndiyo nimeusikia.

"Mvuvi ni mtu anayevua kwa kutumia chombo."

Nikanyamaza katikati ya sentensi iliyofuata. Chombo. Mamdogo hana chombo. Hakuna mwanamke hata mmoja kati ya wale wanaoingia mwambani aliye na chombo, wana miguu. Kwa kanuni hii hawatachagua wajumbe wala hawatachaguliwa, maana si wavuvi. Watakaopiga kura ni wenye vyombo peke yao, na wenye vyombo wakiulizwa wafunge wapi, watafunga wapi? Watafunga pale wasipopahitaji, mwamba wa karibu, wa akina mama. Watu watapongezwa kwa kuhifadhi bahari, na Mamdogo atakaa miezi mitatu barazani akiangalia maji yakitoka na kurudi.

Nikamwambia mzee. Nilimwambia kwa adabu kabisa, Mungu shahidi.

"Neno hilo lina umri wa miaka ishirini na mbili," akasema. "Limetoka kwenye kanuni za zamani. Ukigusa tafsiri ya neno moja unagusa vifungu arobaini. Tuna muda mpaka mwisho wa Mei tu."

"Lakini mzee, wanawake wanaotembea mwambani si wavuvi?"

Akafumba macho tena.

"Tuendelee," akasema. "Kifungu cha sita."

Aprili 3

Nimesoma kifungu cha sita mpaka cha kumi na mbili. Sijasema neno lolote lisiloandikwa.

Aprili 8, Jumanne

Mvua siku tano mfululizo. Barabara ya nyuma ya ofisi imekuwa mto, tunapita juu ya matofali.

Mchumi ameniambia niache kunung'unika kwenye ngazi. "Mwandikie Mkurugenzi. Ukicheka na nyani utavuna mabua." Nikasema mzee si nyani. "Basi ukimwogopa nyani," akasema, "mabua ni yale yale."

Nimeandika waraka wa ukurasa mmoja. Nimeeleza kila kitu, na takwimu nimeweka. Aya ya pili nimeiandika kwa hasira na sikuifuta, maana niliiona imekaa vizuri. Saa nane mchana nikaupeleka ofisi ya Mkurugenzi mwenyewe, bila kumpitia Mama Mihuri.

Aprili 10, Alhamisi

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Kikao cha rasimu, ukumbi mdogo, watu tisa. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza. Ni mama mrefu, mpole wa sauti, asiyependa vikao virefu. Kulikuwa na wanasheria wawili, mmoja wao kijana, na Mama Mihuri akiandika muhtasari. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha ukutani, moyo unadunda kwa raha, ndiyo, kwa raha, maana niliuona waraka wangu juu ya makaratasi ya Mkurugenzi.

"Kuna waraka wa mwanafunzi wetu," Mkurugenzi akasema. "Una hoja. Unahusu tafsiri ya neno mvuvi, na hilo ni eneo lako, mzee. Hebu tusomee aya ya pili, halafu utujibu."

Akampa. Mzee akaushika. Akausogeza karibu, akausogeza mbali. Akauelekeza dirishani, lakini dirishani kulikuwa na mvua tu na mwanga wa kijivu. Tukasubiri. Mtu akakohoa.

"Miwani nimeisahau mezani," mzee akasema.

Miwani ilikuwa usoni pake.

Yule mwanasheria kijana akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alidhani ni utani, maana mzee ana utani wa uso mkavu. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Mama Mihuri alikuwa ameshasimama. "Nitasoma mimi."

"Kaa, mama," mzee akamwambia, taratibu. Akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Mkurugenzi, siwezi kuisoma. Tangu Novemba siwezi kusoma herufi za ukubwa huu. Daktari anasema macho hayatarudi. Nilitaka nifike Juni."

Mvua ilikuwa inapiga bati la dirisha. Nilitamani ipige zaidi.

Mkurugenzi akaanza kupanga makaratasi yake. Nadhani alitaka tu lile jambo lipite, kwa hiyo akasema neno la kwanza lililomjia: "Basi mwenye waraka ausome."

Nikasimama, nikaichukua karatasi pale mbele ya mzee. Naye, kama kila siku, akafumba macho na kuweka mikono juu ya tumbo, akanisikiliza.

Nikasoma: "Mwandishi wa tafsiri hii ama hajawahi kuwaona wanawake hawa, ama amewaona akaona si kitu."

Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nilipomaliza nikaishusha karatasi. Mzee akafumbua macho, akageuka upande wangu, si sawasawa, kidogo kushoto kwangu.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Inaeleweka ukiisikia mara moja."

Kikao kikaahirishwa.

Aprili 11

Kiti chake kitupu. Mama Mihuri hakuitikia salamu yangu.

Aprili 14, Jumatatu

Amepewa likizo. Ndoo ya kulia imeshika kasi ya ile ya kushoto. Nimezimwaga zote mbili bila kuambiwa. Mama Mihuri ameniona, hakusema kitu.

Aprili 16

Leo amesema. Alikuwa anaondoa mipira kwenye majalada, mmoja mmoja, akiiweka kwenye kopo.

"Unajua hii ilikuwa ya nini?"

Nilikuwa nimeshajua, tangu Alhamisi ile. Mpira mmoja, miwili, mitatu. Mzee alikuwa anayasoma majalada kwa vidole.

"Miezi mitano nimemfichia," akasema. "Walipotuambia wanaleta mwanafunzi nikasema Mungu mkubwa, ameleta macho. Kumbe ameleta na ulimi."

Nikalia pale pale. Mama Mihuri akaniacha nilie muda anaoona unatosha, akanipa karatasi ya kufutia, ile ngumu ya ofisini inayokwaruza.

"Haya. Kulia umelia. Jumanne tunakwenda kwake. Na usiende kumwomba msamaha mlangoni kama anayeuza sabuni. Ingia, kaa, kisha useme."

Aprili 22, Jumanne

Anakaa nyumba za serikali, mtaa wa nyuma ya kituo cha zimamoto. Mkewe ni muuguzi mstaafu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kifuani. Alinishika mkono akaniangalia juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Nilidhani mkubwa zaidi."

Mzee alikuwa sebuleni, redio mapajani. Nikaingia, nikakaa, nikasema. Nilisema vibaya, nikirudia rudia. Aliniacha nimalize.

"Sasa nisikilize wewe," akasema. "Miaka ishirini na mbili nyuma serikali iliamua kila mvuvi awe na leseni. Watu wa doria wakaanza kukamata. Nikatumwa ufukweni kuona inavyokwenda. Nikamkuta mama mmoja, mjamzito, kasimama majini hapa magotini, kikapu chake kimechukuliwa kwa kukosa karatasi. Alikuwa analia, na si kwa huzuni, kwa hasira. Akaniuliza, 'Wewe bwana wa kalamu, na kutembea kunataka leseni?' Nikarudi ofisini, nikafungua tafsiri, nikaongeza maneno matatu."

"Kwa kutumia chombo," nikasema.

"Kwa kutumia chombo. Asiye na chombo si mvuvi, na asiye mvuvi hadaiwi leseni. Hakuna aliyeniuliza. Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyenyang'anywa kikapu kwenye ufukwe ule wala mwingine. Lile neno unalosema niliwafungia nje nalo, binti, nililiweka niwatoe kifungoni."

Mamdogo aliwahi kunisimulia habari za watu wa doria wa zamani. Walikuja, kisha wakaacha kuja. Alidhani wamechoka.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Uliniuliza kama wao ni wavuvi. Hukuniuliza kwa nini." Akazima redio, ingawa ilikuwa haisemi kitu. "Na nikwambie ukweli, niliogopa. Ulichosema kilikuwa kweli, nilikisikia ukikisema. Lakini kufungua tafsiri ni kuanza upya, na kuanza upya ni kusoma usiku na mchana, na mimi..." Akaonyesha macho yake kama mtu anayeonyesha mlango ulioharibika.

Mkewe akaita kutoka jikoni: "Si umeletewa mengine? Yatumie!"

Aprili 24

Nimekwenda kwa Mkurugenzi nikamweleza habari ya maneno matatu. "Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika," akasema. "Nilijua macho yamepungua. Nilipaswa kuuliza, badala yake nikampa karatasi mbele za watu." Ametupa wiki tatu. Mzee afanyie kazi nyumbani mpaka Juni, mimi niwe naye. Kwenye fomu, mahali pa cheo changu, ameandika "msaidizi wa kusoma." Mchumi anasema nimepanda, kutoka redio mpaka macho ya serikali.

Aprili 28, Jumatatu

Maji ya bamvua, yanapotoka mbali kuliko siku zote. Mzee alisema hawezi kuandika tena juu ya watu aliowaona mara moja miaka ishirini na mbili iliyopita, kwa hiyo tumeomba gari na tumekwenda. Mvua ilitupisha asubuhi yote, kwa fadhila yake.

Mamdogo alitusubiri pale mchanga unapoisha, fimbo mkononi, kanga kiunoni. Akamwangalia mzee, suruali ya ofisini, viatu vyeusi vya ngozi.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Viatu hivyo vitakuaibisha. Vaa hizi ndara za mume wangu, hazitumii tena. Alikwenda mjini kununua betri, huu mwaka wa kumi na nne. Betri zitakuwa adimu."

Mzee akacheka mpaka akamshika bega asianguke, na kuanzia hapo hakuliachia. Mamdogo alimwongoza juu ya mwamba kama anayeongoza mtu chumbani mwake. "Inua mguu. Hapa kuna miiba, pita kushoto. Hapa pana utelezi, keti kwanza kama unaogopa, hakuna anayekuandika."

Nilitembea nyuma yao. Nimetembea na Mamdogo mara mia kwenye mwamba ule nikipima na kuandika. Sikuwahi kumsikia akieleza jiwe moja moja hivi, maana mimi nina macho, hakuona haja.

Akamwinamisha, akampeleka mkono chini ya jiwe. "Gusa. Hayo ni maganda ya kaa. Pweza akila hutupa mabaki mlangoni. Ukikuta maganda, mwenye nyumba yumo."

"Kama ofisini kwetu," mzee akasema.

Baadaye wanawake tisa wakakaa kwenye mawe kumzunguka, vikapu katikati, na kazi ikaanza. Sijawahi kuona kikao kama kile.

"Tuseme hivi," mzee akasema. "Mvuvi ni mtu anayevua kwa chombo au kwa miguu."

"Na maji yakinipita kimo?" mmoja akauliza. "Hapo miguu haigusi, naelea."

"Chomboni, majini au kwa miguu," mzee akasema. Nikaandika.

"Mimi sivui," mwingine akasema, mama mwembamba mwenye kikapu cha chaza. "Kuvua ni kuvua. Mimi naokota. Wakitaka kunitoa watasema wewe ulikuwa unaokota tu."

Mzee akageuza uso upande wa ile sauti. "Mama, wewe ungekuwa mwanasheria hatari. Andika, binti: anayevua au kuokota."

"Na neno riziki liwemo," Mamdogo akasema.

"Riziki haliingii kwenye kanuni."

"Kwa nini?"

"Halina mipaka."

"Ndiyo maana nalitaka."

Walibishana juu ya riziki mpaka maji yakaanza kurudi kwenye vifundo vya miguu. Mzee alishinda, lakini kwa shida.

Kwenye gari, njiani, nilidhani amelala. Akasema, "Yule mjamzito wa mwaka ule. Ungejua kama yumo kati ya wale?"

Nikamwambia sijui. Wengi wao walikuwa na umri huo.

"Bora," akasema.

Mei 5

Kifungu cha nne kimesimama. Mvuvi ni mtu yeyote anayevua au kuokota viumbe wa baharini, awe chomboni, majini au kwa miguu. Halafu kifungu kipya cha kumi na tano: anayevua au kuokota bila chombo hatadaiwa leseni. Mzee anasema kimoja bila kingine ni mtego. Tukipitisha cha nne peke yake, watu wa doria watarudi. Sasa ni vile vifungu arobaini vingine.

Mei 6

Saba.

Mei 7

Tano tu. Mkewe alitufukuza tukapumzike.

Mei 9, Ijumaa

Mvua imepungua. Mzee ananifanya nisome huku tunatembea ua mzima, eti miguu ikisimama na akili inasimama. Majirani wametuzoea. Mtoto wa jirani aliuliza kama ni sala.

Mei 13, Jumanne

Wanasheria wanataka kukata kifungu cha kumi na tano. Hoja yao ni usawa: kama wote ni wavuvi, wote wawe na leseni. Nilimpigia mzee simu nikiwa kwenye ngazi. Akasema, "Naja."

Alikuja na Mama Mihuri mkono wake wa kulia, tai shingoni, bila karatasi hata moja. Akakaa. Wakamwambia hoja yao. Akauliza ni kwa mujibu wa kifungu kipi. Yule mwanasheria kijana akaanza kupekua.

"Cha ishirini na tatu, fungu la pili," mzee akasema. "Kinasema leseni hutolewa kwa chombo, si kwa mtu. Nenda cha thelathini na moja, doria hukagua namba ya chombo. Nenda cha arobaini, leseni hubandikwa ubavuni mwa chombo. Sasa niambie, yule mama tutambandika wapi?"

Akaendelea, kifungu baada ya kifungu, macho yamefumba, na mkato pale pale penye mkato. Kurasa sitini na nne nilizomsomea mpaka koo likauma zilikuwa zote mle ndani. Mwanasheria kijana aliacha kubishana, akawa anafuatisha kwa kidole kwenye nakala yake. Alipofika mwisho akainua uso: "Hajakosea hata neno." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia mahali pa heshima akiwa amechelewa.

Kifungu cha kumi na tano kimebaki.

Kwenye korido nilimshika mzee mkono wa kushoto, Mama Mihuri wa kulia. "Msinibane," akasema, "nimepungukiwa macho, si miguu." Hatukumwachia.

Mei 23, Ijumaa

Waziri ametia saini. Tuliomba nusu ya viti vya kamati viwe vya wasio na vyombo, tumepata theluthi. Nilinuna. Mzee akasema theluthi ni mguu mlangoni, tusiulaumu mguu kwa kuwa si mwili mzima. Mama Mihuri amegonga mihuri nakala sitini kwa mkono wake, kila mmoja kwa nguvu kana kwamba kuna mtu anambishia.

Juni 6, Ijumaa

Siku ya mwisho ya ufadhili. Wa melini wamerudi weusi kwa jua, wakiwa na hadithi za nyangumi. Waliniuliza mimi nimeona nini. Nikasema nimeona ukurasa wa nne. Mchumi peke yake ndiye aliyecheka, halafu akanipa mkono bila utani.

Juni 26, Alhamisi

Chuo kimefunguliwa, lakini siku za Alhamisi naenda bado kwa mzee kumsomea gazeti. Leo kamati ya ufukwe wa kwetu ilikuwa na kikao cha kwanza. Mimi na mzee tulikuwa tumekaa barazani tangu saa nne, tunajifanya kusoma habari za michezo. Simu ikalia karibu na saa saba. Nikaiweka juu ya meza aisikie.

"Mmekwenda, Mamdogo?"

"Tumekwenda kumi na mmoja. Mwenye mashua kubwa akauliza nani kawaalika hawa. Nikamwambia kanuni, kifungu cha nne, na kama hakijui nimsomee. Akasema anakijua. Hakijui."

Mzee akaweka gazeti chini.

"Wakataka kufunga mwamba wetu wote," Mamdogo akasema. "Tukakataa. Tukasema nusu ya mwamba wetu na nusu ya mkondo wao. Lo, kelele! Mwanangu, wale watu wanaongea. Saa mbili nzima, jambo la dakika kumi. Kila mmoja anasimama kusema anakubaliana na aliyesimama kabla yake."

"Na ikawaje?"

"Ikawa kura. Wenye ngalawa wachache waliungana nasi, tukawa sawa kwa sawa. Akabaki kijana mmoja mwenye ngalawa, mama yake ni mwenzetu wa mwambani. Alimwangalia mama yake, akainua mkono upande wetu. Nusu kwa nusu. Tumeshinda kwa kura moja."

Nikamtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa na midomo inacheza kidogo. Nadhani alikuwa anahesabu theluthi, wale wachache, na mkono mmoja juu yake.

"Sasa mko wapi?" nikauliza. "Kikao kimekwisha?"

"Hata! Wamo bado, sasa hivi wanachagua jina la kamati. Sisi tumewaacha," Mamdogo akasema, na nyuma ya sauti yake nikasikia wanawake wakiitana, na fimbo ya chuma ikigonga jiwe. "Maji yametoka, mwanangu. Nikimaliza hapa nitakupigia."